Makapi ya Mfuko wa Tatu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitaki mtu anisaidie kuubeba ujinga wenyewe. Niliufanya peke yangu, mchana kweupe, nimeshiba matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na maziwa, tena huku napiga mluzi.

Naitwa Onesmo. Hapa Songwa ukiuliza nani anajua kuosha mchanga wa almasi, watakucheka kwanza, kisha watakuelekeza kwangu. Kabla ya almasi nilikuwa Nyarugusu, kwenye dhahabu, mpaka duara, yaani shimo la kuchimbia, liliponifunika nusu siku nzima. Walinitoa na vidole tisa. Kile cha kumi nimekiacha kule kilinde zamu yangu.

Kote kuwili nilifundishwa somo moja: kizito ni riziki, chepesi ni takataka. Unalizungusha chekeche ndani ya pipa la maji, kizito kinazama na kujikusanya katikati, chepesi kinapanda juu. Hicho chepesi unakikwangua kwa sahani ya bati na kukitupa nyuma ya bega bila kukitazama. Nimefanya hivyo miaka ishirini na mbili. Bega langu sasa linajua kazi kuliko kichwa.

Dada yangu Salome ana binti mmoja, Vumilia, anayesoma chuo kikuu Dar es Salaam, shahada ya pili, mambo ya miamba. Ukoo mzima tulikuwa tunamsubiri arudi atuonyeshe almasi zilikojificha. Mwezi wa sita Salome akateleza kisimani akavunjika mguu, Vumilia akaja kumuuguza. Akashuka kwenye basi na begi moja la nguo, darubini ndani ya boksi, na ndoo mbili zenye mifuko mitano ya tope.

"Mpwa wangu," nikamwambia, "umesafirisha tope kutoka pwani mpaka Shinyanga? Hapa tunalikanyaga bure."

"Hili halifanani na la hapa, mjomba. Nimelitoa Rufiji, kwenye ufuko unaofunikwa maji yakijaa. Nilididimiza bomba refu. Mfuko wa kwanza ni tope la juu, wa tano ni la chini kabisa. Humu mna visukuku, makombe ya konokono na chaza waliokufa miaka elfu tano, sita iliyopita. Kijiolojia hiyo ni jana tu."

Jirani yetu Mama Nelly alikuwa amekaa mlangoni na Salome wanamenya karanga. Yeye jina lake ni Bernadina, lakini hakuna anayethubutu kulitumia. Akainua kichwa. "Jana mimi nilipika mlenda. Nao umeshakuwa jiwe?"

"Ulivyouchelewesha motoni, yawezekana," nikamjibu, nikakwepa ganda la karanga.

Vumilia hakuudhika. Ana moyo wa kuelezea, mtoto yule, tangu akiwa na meno ya maziwa. Akatueleza kwamba mfuko wa nne na wa tano ulikuwa na tondo, konokono wa kwenye mikoko. Wa kwanza na wa pili ulikuwa na chaza wembamba wa bahari ya wazi. Maana yake pale zamani palikuwa msitu wa mikoko, kisha bahari ikaumeza. Swali lilikuwa iliumeza vipi.

"Dokta Athanas, msimamizi wangu, ameandika kwamba ilikuja kwa ghafla. Siku moja mikoko, kesho yake bahari. Mimi niliuchungulia mfuko wa tatu, ule wa katikati, nikaona tondo na chaza pamoja. Waliishi jirani muda mrefu, mjomba. Bahari ilikuja polepole, inabisha hodi."

"Sasa mwambie."

"Nimemwambia. Anataka hesabu. Makombe mazima mia tatu kutoka mfuko wa tatu, pungufu ya hapo ni hadithi. Anapita hapa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane akienda Mwanza kwenye mkutano. Nisipokuwa nayo, niandike kama yeye au nitafute msimamizi mwingine. Na mwingine hayupo. Nitakuwa nimefukuzwa kwa adabu."

"Ukikosea si unarudi kuchimba tena?"

"Mradi umefungwa. Tope la pale ni hili tu duniani."

Hayo aliyasema mbele yangu, kwa Kiswahili, tena taratibu. Nayataja ili usije ukanitafutia visingizio.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Dokta kupita, akampeleka mama yake mjini kufunguliwa plasta ya mguu. Mifuko minne alikwishamaliza, umebaki wa tatu. Mfuko wa nne alikuwa ameuosha kwa siku mbili, kwa chekeche dogo kama kifuniko cha sufuria, akidondosha maji kutoka kwenye chupa kama anayempa ndege dawa. Akiwa ameshapanda bodaboda akageuka: "Mjomba, usiguse ndoo."

Mimi nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, binti wa watu anateseka na maji ya chupa, na mjomba wake fundi yupo hapa amekaa kama kinu. Nikauchukua mfuko wa tatu, nikaenda nao kwenye pipa langu nyuma ya nyumba, kando ya lundo la makapi. Nikalizungusha tope lile kwa ufundi wangu wote. Kilichopanda juu kilikuwa cheupe, chepesi, kama maganda ya mayai. Sahani ya bati, nyuma ya bega. Zungusha tena, sahani, bega. Mpaka likabaki fungu safi katikati ya chekeche: changarawe, mchanga mweusi, na makombe mazito kama kumi. Nikalimimina kwenye bakuli la udongo la dada yangu, lile la wageni.

Waliporudi nikampokea bakuli mkononi. "Karibu. Siku mbili zako nimezifanya nusu saa. Huu hapa mzigo."

Vumilia akatazama bakuli.

"Mjomba. Vile vyepesi viko wapi?"

"Takataka? Nimetupa."

"Wapi?"

Hapo sote tukasikia sauti ya kuku. Kuku wa Mama Nelly walikuwa juu ya lundo, wanne, wanadonoa kwa heshima zote, kama wageni wa harusi waliowahi meza. Kuku wa mayai akiona kombe, mtu hamwoni tena. Nilikimbia na ndala moja mguuni. Nikawafukuza, nikaanguka, nikaamka na manyoya mdomoni. Lundo letu ni changarawe nyeusi yenye ukijani, na juu yake pale nilipotupia palikuwa pametapakaa vitu vyeupe, vingine vidogo kuliko ufuta.

Vumilia alikuja akachuchumaa. Akakiokota kimoja kwa ncha ya kidole kilicholowa mate. Kilikuwa chaza mwembamba, magamba yake mawili bado yameshikana.

"Unamwona huyu?" akasema taratibu. "Hawa ndio niliokuwa nawataka. Angekuwa ameburutwa na mawimbi kutoka mbali, magamba yangeachana. Huyu alifia kwake. Hakuburutwa akajazwa mchanga, ndani ana uwazi tu; ni mwepesi kwa sababu alifia kwake, mjomba."

Nikatafuta la kusema nikapata la kipumbavu zaidi. "Tumwambie Dokta mfuko ulipasuka kwenye basi."

"Hapana."

"Au umwandikie namba yoyote. Mia tatu na kitu. Nani atahesabu?"

Akasimama. Ni mfupi, lakini siku ile ilibidi nimtazame kwa kwenda juu. "Yeye anaweza kunifukuza. Hiyo ni kazi yake. Kuwa mwongo ni kazi yangu, na siifanyi. Nitaandika yaliyotokea, wewe na kuku."

Mama Nelly alikuwa amefika, kikoi kiunoni. Yeye na wenzake wanne huokota almasi kwenye makapi, yaani kwenye taka za wanaume kama mimi tunaojiona tumemaliza kuosha. Akainama, akachukua konzi ya lile lundo, akaitandaza kiganjani.

"Binti, acha kusimama kama upo msibani," akasema. "Songwa kitu kikitupwa hakijapotea, kimehama tu. Mimi nimesomesha watoto watatu kwa vitu walivyotupa wanaume nyuma ya bega. Una karatasi nyeusi?"

"Nina nailoni nyeusi."

"Lete. Na wewe, fundi," akanigeukia, "lete kamba, uzungushie hapa ulipotupia. Ukikanyaga ndani nitakukata vidole vilivyobaki."

"Wabeja, mayo," nikasema kwa unyenyekevu.

"Usinishukuru. Kuku wangu wamekula historia. Wakiacha kutaga nakudai wewe."

Tulifanya kazi mpaka jua likazama, na Ijumaa tangu alfajiri. Vumilia ndiye aliyetoa amri. Tukakwangua tabaka la juu ndani ya kamba, vidole vitatu kwenda chini, tukaliweka kwenye mabeseni. Pipa tuliliacha litulie, kisha tukayachuja maji yake kwa khanga mpya ya Salome, na tope la chini likapitishwa kwenye chekeche dogo. Mimi nilikabidhiwa chupa ya maji. Nikadondosha kama anayempa ndege dawa, mgongo ukiniuma, na kila aliyepita aliniuliza kama ndege anaendelea vizuri.

Wale wanawake watano walikaa kuizunguka nailoni. Vumilia alitoa brashi yake nyembamba ya kuokotea. Mama Nelly akaitazama kwa huruma, akavunja njiti ya ufagio, akailowesha kwa ulimi, akagusa. Kombe likanasa kwenye ncha, likahamia kwenye kisahani. Tena. Tena. Mkono wake ulikwenda kama kuku, ila huyu alikuwa upande wetu. Vumilia akaweka brashi chini akaomba njiti.

"Hivi nani aliyewatoboa?" akauliza Mama Nelly baada ya muda, ameinua chaza mwenye tundu moja la duara, safi kama la sindano. "Huko wanawatunga shanga?"

"Konokono mwenzake. Anampanda, anamkereza tundu taratibu, kisha anamnyonya kwa ndani. Inaweza kuchukua siku nzima."

"Siku nzima kumtoboa jirani!" Wanawake wakaangua kicheko. "Basi hiyo bahari haina tofauti na hapa kwetu."

Jioni Vumilia akaleta ndoo tupu. Akaenda upande wa pili wa lundo, mbali na kamba, akaijaza, akaiweka mbele ya Mama Nelly. "Na hii, mama. Iokote vilevile."

"Hii haina kitu. Kule ulitupia nini?"

"Sikutupia chochote. Nataka uniambie kama kuna kombe la bahari."

"Unanipa ndoo nitafute kisichokuwepo?"

"Ndiyo. Ukikikosa utakuwa umenisaidia sana."

"Mume wangu aliifanya kazi hiyo maisha yake yote," akasema Mama Nelly akivuta ndoo, "na hakunisaidia."

Ndani ya ndoo ile akapata konokono wawili wa bwawani, kifungo cha shati na nusu ya jino la mtu. Vumilia akaviandika vyote. Kwenye visahani vingine akahesabu, akahesabu upya, kisha akanipa nihesabu mimi, kama adhabu au kama msamaha, sijui. Makombe mazima mia tatu arobaini na saba. Tondo wamo, chaza wamo. Chaza ishirini na tisa walikuwa bado wameshikana magamba. Waliomezwa na kuku hatukuwahesabu. Alichora mstari akaandika: waliopotea, idadi haijulikani.

Jumamosi saa nne gari jeupe likasimama. Dokta Athanas akashuka, mtu wa miaka hamsini hivi, miwani ya jua, viatu ambavyo havijawahi kukutana na Songwa. Akamwamkia Mama Nelly na Salome, shikamoo zao akazitoa kwa haraka kama mtu anayelipa nauli. Nikamletea kiti. Vumilia akamwekea darubini mezani, visahani na daftari.

Yeye akaanza na daftari. Alisoma kimya, kisha nikaona masharubu yanacheza.

"'Mjomba alitupa sehemu nyepesi juu ya lundo la makapi,'" akasoma kwa sauti. "Umeandika hivi, kweli?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Dokta."

"'Kuku wanne.'"

"Wa nne alichelewa kidogo," nikasema. Hakuna aliyecheka. Nikarudi nyuma ya mlango, mahali pangu.

Akafunga daftari. "Vumilia, nakuheshimu kwa ukweli wako. Lakini hii si sampuli tena. Hiki ni kitu kilichookotwa jalalani. Kiache. Andika kwamba mfuko wa tatu uliharibika, utumie maelezo ya makala yangu kwa tabaka hilo, mwezi wa tisa unamaliza."

"Makala yako inasema bahari ilikuja ghafla."

"Ndiyo inavyosema."

"Basi angalia kwanza, Dokta. Tafadhali."

Akainamia darubini, mwanzoni kama mtu anayefanya hisani. Akakaa muda. Akasogeza kisahani, akakaa tena. Nje bodaboda zilipita tatu nikiwa nahesabu. Alipoinua uso alikuwa amevua miwani.

"Wameshikana," akasema.

"Ishirini na tisa. Pamoja na tondo. Mfuko mmoja, kina kimoja."

"Hapa mmechanganya wenyewe. Pipa lile lilioshewa nini kabla?"

"Mchanga wa hapa. Almasi tu."

"Na lundo?"

"La hapa."

"Hapo ndipo ninapokataa." Akapata nguvu tena, sauti ikapanda. "Hapa ni migodini. Malori yanamwaga mchanga wa ujenzi, wenye kuku wanaleta mifuko ya makombe ya kusagia chakula. Nitajuaje kwamba hivi havikuwepo kwenye lundo tangu zamani? Washikane magamba, wasishikane, nitajuaje wametoka Rufiji?"

Vumilia akasukuma mbele kisahani cha ile ndoo nyingine. "Hili ni lundo lilelile, upande ambao haukuguswa. Ndoo nzima. Konokono wawili wa bwawani, kifungo na jino. Kombe la bahari, hakuna."

"Ndoo moja! Lundo lile ni kubwa kuliko nyumba. Ndoo moja inathibitisha nini?"

"Inathibitisha zaidi ya makala isiyo na hata kisahani kimoja cha tabaka hili." Aliposema hivyo Salome akajishika kifua. Mimi nikajikuta nimetoka nyuma ya mlango. "Nifukuze kama unataka, Dokta. Lakini mfuko wa tatu nitauandika kama ulivyo, na jina langu chini yake. Sitaandika kwamba umeharibika, maana haukuharibika. Ulitupwa, ukaokotwa."

Dokta Athanas alimtazama, akatazama kisahani, akatazama nje kwenye lundo jeusi linalopanda nyuma ya nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba akishasema, maneno hubaki yamekaa.

"Sawa," akasema mwishoni. "Nisiambiwe kwamba nimekunyima nafasi. Niletee mtu mmoja anayelijua lundo hilo lote, siyo ndoo, lote, aniambie halina kombe la bahari. Nitasaini hesabu yako hapahapa, na makala yangu nitaisahihisha mwenyewe. Lakini mtu huyo hayupo, binti yangu, na wewe unalijua hilo."

Mama Nelly alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, njiti ya ufagio bado iko katikati ya meno. Akaitoa, akaipangusa kwenye kikoi, akamtazama Dokta kuanzia viatu kwenda juu.

"Baba, lundo lile nimelipekua kwa vidole hivi miaka kumi na tisa, nikitafuta jiwe dogo kuliko ufuta. Kama Songwa ina bahari, nionyeshe ilipo, nikaoge."